Simu Yenye Plasta Mgongoni

Baraka, tarehe 9 Novemba

Yaya Norbert, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi yangu Suzanne na watoto wote mlio nao huko kambini Nyarugusu. Goti lako linaendeleaje? Nasoro, aliyekuletea barua hii, aliniambia safari iliyopita kwamba sasa unakwenda bombani bila fimbo, nami nikamshukuru Mungu, ingawa najua ukiona mgeni huwa unaificha fimbo. Sisi huku ni wazima. Mvua zimeanza, muhogo wa Mboko umeshika vizuri, na cherehani yangu bado inalia kama mbuzi lakini inashona. Sare za kwaya za Noeli zote zimeletwa kwangu.

Sasa, kabla hujaendelea, simu yako iko wapi? Kama iko mfukoni, itoe. Ipeleke kwa jirani, au uitie ndani ya sufuria na kuifunika kwa blanketi, kisha urudi ukae. Na usimsomee wifi kwa sauti mpaka umefanya hivyo. Usicheke, yaya. Utajua baadaye kwa nini nimerudi kwenye kalamu na karatasi kama enzi za baba, mimi niliyekuwa nakutumia sauti za dakika kumi kumi mpaka ukalalamika zinakumalizia mega za intaneti.

Najua umetukasirikia. Umesikia uchumba wa binti yako Espérance, ninayekaa naye, umevunjika, ukapiga simu mara nne, na kila mara tukakujibu habari za mvua. Nisamehe. Sasa utaisikia yote, na iko habari njema ambayo nimeiweka chini kabisa, kama nyama iliyofichwa chini ya ugali. Usiruke kurasa kuitafuta.

Lionel, huyo mchumba, hukuwahi kumwona kwa macho. Ulimsikia tu, kupitia ile simu mpya aliyokutumia kwa mkono wangu, zawadi ya kumheshimu baba mkwe. Ningekuwa na picha yake ningekutumia uone kwa nini tulipumbaa. Ni kijana safi, anauza vipuri vya pikipiki, anainama akisalimia wazee, hajui pombe. Siku alipokuja kujitambulisha pamoja na baba yake mdogo, mzee Isidore wa Fizi, alileta mbuzi wawili, vitenge vyangu na simu yako. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Wakapanga ndoa ifungwe kabla ya Noeli, wewe ukasema ndiyo, na mimi nikaanza kuwaza nitashona nguo gani.

Kisha Lionel akaanza kujua mambo. Siku moja Espérance alimwandikia mama yake kwamba ana hamu ya samaki mukeke wa kuchoma. Alimwandikia mama yake tu, wifi atakumbuka. Jioni Lionel akaingia na mukeke wawili wamefungwa kwenye jani. Mimi nikasema huo ndio upendo. Siku nyingine akamuuliza kwa upole kwa nini alikaa saa nzima nyumbani kwa rafiki yake Gentille, ilhali yeye Lionel alikuwa Lusenda siku hiyo. Na simu ya mtoto, ile aliyoinunua mwenyewe kwa kazi ya kunishonea vifungo, ikaanza kuugua. Inatoka kwenye chaji asubuhi imejaa, adhuhuri imekufa. Hata ikilala mezani bila kuguswa ilikuwa moto kama kola iliyotoka kwenye pasi. Mega zikawa zinayeyuka. Espérance aliponilalamikia nilimgombeza. Nilimuuliza ni wanawake wangapi Baraka wanaomba mume anayekumbuka hata samaki.

Unajua tangu utotoni mtoto wako anataka kuwa muuguzi. Alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kuingia shule ya uuguzi Uvira, mwezi wa tisa. Lionel hakutaka. Alisema mke wake hatashika miili ya wanaume wengine. Basi Espérance akapanga kwenda kimya kimya. Alimwandikia mama yake, na mimi akanieleza asubuhi ileile akiwa ameshavaa viatu. Alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mapema. Alipofika Mboko, penye akina mama wanaouza muhogo kando ya barabara, akamwona Lionel amesimama na chupa ya maji baridi mkononi. Alitabasamu, akamwambia alijua atakuwa na kiu. Akachukua begi lake bila kupandisha sauti, akalifunga kwenye pikipiki yake mwenyewe, akamrudisha Baraka. Mtihani ukafanyika bila yeye.

Aliporudi alikaa chini, chini kabisa, kando ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Hakulia. Alisema tu, “Shangazi, ule muntu iko naniona.” Yaya, nimezika watu, nimekimbia vita mara mbili nikiwa na cherehani kichwani, lakini kusikia sauti ile niliweka mkasi chini nikamwita Gentille.

Rafiki yake Gentille anafanya kazi kwenye redio, na huko waliwahi kufundishwa jinsi watu wanavyoziingia simu za waandishi wa habari. Akaja. Akafungua mahali pa kurekebishia simu, akatazama orodha ya programu zote zilizomo, sio zile tu zenye picha mbele. Nilikuwa namtazama usoni. Ghafla akaacha kuongea, akaomba kalamu, akaandika kwenye karatasi yangu ya vipimo: musiseme kitu. Kisha akasema kwa sauti kubwa kwamba simu ni nzima, betri tu imezeeka. Tukaiacha simu ikisikiliza redio, tukachukua beseni la nguo na kwenda ziwani.

Huko, tukiwa tunafua, akatueleza. Ndani ya simu mlikuwa na programu isiyo na picha, yenye jina la Kifaransa la kawaida, Service Système, yaani huduma ya mfumo, jina ambalo hata ukiliona utalipita. Lakini hiyo huduma ilikuwa imepewa ruhusa ya kusoma ujumbe, kujua simu iko wapi, kufungua kipaza sauti na kukataa kufutwa. Na ule ulinzi wa simu wa kukagua programu mbaya ulikuwa umezimwa. Kikulacho ki nguoni mwako, yaya, na hiki tulikuwa tunalala nacho kando ya mto. Espérance alitaka kuifuta palepale. Gentille akamkataza. Alisema ukiifuta tu, anayekutazama anaona giza upande wake, anajua umejua, na mtu wa namna hiyo akijua ndipo anapokuwa mbaya. Kwanza tupige picha za ushahidi kwa simu nyingine. Kwanza mtoto awe na njia ya kuondoka salama. Maneno ya siri yote yabadilishwe kwa kutumia simu safi, na ile chafu ifutwe mwisho kabisa.

Akasema pia kwamba kitu kile hakiruki hewani kama mafua. Mtu aliishika simu kwa mkono wake, akiwa na namba ya kuifungua, akakaa nayo dakika kadhaa. Akauliza nani mwingine huwa anaishika. Hapo likatajwa jina la Darius, kijana wa chaji pale karibu na soko. Unakumbuka desturi yetu. Umeme wetu ni jua la Darius. Unampelekea simu asubuhi, mgongoni umebandika kipande cha plasta ya kidonda chenye jina lako na namba ya kufungulia, ili akiona imejaa aiwashe, na mtu akikupigia amjibu kwamba uko mzima, simu iko kwenye chaji. Rafu nzima ya simu, kila moja na siri yake imeandikwa kwa wino mgongoni! Tumefanya hivyo miaka yote bila kuona ajabu. Neno likatoka ziwani, nani aliyelitoa sijui, na kabla ya wiki kwisha rafu ya Darius ilikuwa na simu tatu, mbili zikiwa za dada zake.

Mtihani ulikuwa na kikao cha pili mwezi wa kumi, siku ya Ijumaa. Jumamosi ya wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa ndoa. Yaani mtoto alikuwa na mlango mmoja tu, na mlangoni amesimama Lionel na chupa yake ya maji. Tulipanga mambo yetu yote ziwani. Nguo za nyumba hii hazijawahi kuwa safi namna ile. Espérance angeondoka kwa boti, alfajiri, akiwa na kitochi cha Gentille, ile simu ndogo isiyo na intaneti. Simu yake ningepanda nayo mimi kwenda upande mwingine, mlimani, Fizi. Gentille aliniuliza kama ningeweza. Nilimwambia nimeshona suruali za wanajeshi waliokataa kulipa, nitashindwaje na simu?

Siku mbili kabla, nikaanza kuongea karibu nayo kama mtu anayeongea na kiziwi. Nikasema mtihani umehamishiwa Fizi. Nikasema ni siri. Alhamisi nikanunua mega kwa mkono wangu, ili mpelelezi wetu asikose huduma. Ijumaa, mtoto akiwa ameshapanda boti, nikaifunika simu kwa majani ya muhogo kikapuni na kupanda moto, mvua ikinipiga njia nzima.

Pale Fizi sikwenda kwingine. Nilikwenda nyumbani kwa mzee Isidore, yule yule aliyemlea Lionel baada ya baba yake kufa, aliyesimama mbele yetu siku ya kujitambulisha na kusema mtoto wake ni mwaminifu. Nilimkuta na wazee wawili wa kanisa lake. Nilimwomba saa mbili tu za sebule yake, na asiniulize chochote. Ni mwalimu mstaafu, ana adabu za zamani. Alinipa kiti, akasali kwa ajili ya safari yangu, mkewe akaleta chai. Kikapu kilikaa kati ya miguu yangu.

Haikufika saa tano, pikipiki ikanguruma nje. Lionel aliingia na tope mpaka kifuani, simu yake mkononi, akiitazama huku anatembea kama mtu anayefuata harufu. Alikuwa ameshagonga nyumba tatu za jirani. Akili yake yote ilikuwa kwenye kile kioo hata hakuwasalimu wazee. Akasema, “Espérance iko wapi? Mi najua iko humu ndani, musimufiche!” Mzee Isidore akamuuliza taratibu nani alimwambia. Naye, Mungu ni mwema, akajibu ukweli: “Simu yake iko naonesha iko hapa.”

Ndipo nikaingiza mkono kikapuni, nikasukuma majani, nikaitoa simu na kuiweka mezani mbele ya chai yake mzee. Sikusema neno, na wewe unanijua, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kupanda mlima. Mzee Isidore akanyoosha mkono kwa Lionel. Kijana akampa simu yake, maana mkono ule ndio uliomlisha. Mle ndani mlikuwa na ramani yenye kidoti juu ya bati la nyumba ile. Mlikuwa na ujumbe wote wa Espérance kwa mama yake, hata ule wa mukeke. Na mlikuwa na sauti. Mzee mmoja akabonyeza ya mwisho, na tukasikia, kutoka ndani ya simu ya Lionel, sauti ya mzee Isidore akisali asubuhi ile kwa ajili ya safari yangu. Aliisikiliza mpaka amina.

Lionel alianza kusema anampenda, na kwamba anayempenda mtu humlinda. Mzee akamkatiza. “Mbuzi ndio tunafungaka kamba,” akamwambia. “Muntu, hapana.” Kisha akaniambia mimi, mbele ya mashahidi, kwamba ukoo wake unaondoa mkono katika ndoa hiyo, na aibu si yetu. Nilishuka Baraka mvua imekatika. Nilimlipa dereva wa moto zaidi ya tuliyopatana na nikaimba njia nzima, yule kijana akidhani nimelewa.

Gentille alikuwa ameshapiga picha za ushahidi. Espérance akabadilisha maneno yake yote ya siri kwa simu safi, na nilipompelekea ile yake, yeye na Gentille wakaifuta yote, ikabaki tupu kama ilivyotoka dukani, bila kurudisha kitu cha zamani. Mbuzi na vitenge nimevirudisha Fizi, na cha kwanza kabisa nilirudisha kile nilichokuwa nimeanza kukishona. Kilinipendeza, lakini nimekirudisha.

Sasa, yaya, nakuja kwenye lililonifanya niandike karatasi ya tatu. Nimeandika juu hapo kwamba jina la Darius lilitajwa. Halikujitaja. Nililitaja mimi.

Gentille alipouliza nani ameshika simu, nilijua. Siku moja ya Jumanne, Espérance akiwa anaoga, Lionel alikuja akaniambia anataka kumwekea nyimbo za kwaya kwenye simu, iwe zawadi ya kumshtua, nisimwambie. Simu ilikuwa juu ya Biblia yake. Nilimpa kwa mikono miwili, na namba ya kuifungua ilikuwa mgongoni, kwenye plasta, kwa mwandiko wangu. Alisema dakika kumi. Alikaa karibu nusu saa, na mimi wakati huo, yaya, nilikuwa jikoni namkaangia ndizi. Nyimbo tatu kweli aliziweka. Na pale ziwani, badala ya kusema hayo, niliinamia nguo nikasema Darius. Niliona aibu, basi. Niliona ni afadhali kijana asiye na mtu wa kumtetea apoteze jina kuliko Constance, mshonaji wa kwaya, aonekane mjinga.

Niliporudi kutoka Fizi na watu wakanisifu mtaa mzima, sifa zile zilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikampigia Espérance kwenye kile kitochi alichopewa na Gentille nikamwambia yote. Akasema alijua tangu siku ile ya ziwani. Nyimbo zile alizikuta Jumanne, na Jumanne simu haikwenda kwa Darius. Nilimuuliza kwa nini basi aliniachia mimi nipande na simu Fizi. Alisema alijua hakuna atakayepanda kwa nguvu kama mtu mwenye deni la dhambi. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Huyo ndiye mtoto uliyemzaa.

Kwa Darius nilikwenda kwa miguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Mama Constance, bantu bangu utabarudisha namna gani?” Alimaanisha wateja wake. Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama kanisani na kulisema lote, na ndizi nikazitaja. Watu wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa, maana kila mmoja alikuwa na plasta yake mgongoni mwa simu. Jumatatu nilikuwa wa kwanza kumpelekea Darius simu yangu. Leo rafu yake imejaa kuliko zamani. Simu zinakaa zimezimwa, plasta ina jina tu, na namba kila mtu amebaki nayo kichwani.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni lako. Wiki mbili zilizopita, simu ya mtoto ikiwa imeshafutwa, Espérance alikupigia wewe peke yako kwa kitochi kukuambia amepanga chumba Uvira kwa Mama Anastasie. Siku ya pili yake Lionel akatuma mtu kumsalimia Mama Anastasie, kwa jina. Hatukuwa tumemwambia mwingine. Yaya, simu uliyo nayo ilitoka mkono uleule, na ni mimi niliyeifunga kwenye kitenge na kukutumia. Aliniambia ameshakufungulia kila kitu ili usipate taabu. Ndiyo maana tumekuwa tukikujibu habari za mvua. Mtoto ameshahama, yuko mahali pazuri penye uzio na akina mama wa kanisa, na mahali penyewe hata hapa sipaandiki.

Usiifute kwa hasira. Tafuta mtu wa kuaminika mwenye simu safi, apige picha za kilichomo, akubadilishie maneno ya siri, kisha muifute yote. Lakini kabla ya kuifuta nina ombi moja. Itoe kwenye sufuria. Iweke mezani, mkae wote, wifi na watoto. Na sasa chukua habari njema niliyokuwekea chini ya ugali, ambayo mpaka leo huijui wewe wala Lionel anayetusikiliza: Espérance amefaulu, yaya. Waliofanya mtihani walikuwa zaidi ya mia, yeye ni wa tatu, na ameanza masomo akiwa amevaa koti jeupe nililolishona mimi. Isome kwa sauti karibu na simu, polepole, kama anayesoma Injili. Wifi apige vigelegele vya kutosha. Acha asikilize mpaka mwisho. Kisha ndipo muizime.

Wasalimie watoto mmoja mmoja, na mchungaji wenu, na jirani aliyekuhifadhia simu kama ndiko ulikoipeleka. Nasoro atarudi na jibu lako. Mpe la karatasi. Mungu alitunze goti lako, nawe usilifiche.

Ni mimi dada yako akupendaye, uliyenikopesha akili zako nikiwa mdogo na sijazirudisha zote,

Constance